Ukikuta niuti kwenye gadeni yako hapa Uingereza, weka koleo chini kwanza

Sisi tunaishi Cheshire, kaskazini magharibi mwa England, na nyumba tulivyoinunua nyuma yake kulikua na bwawa dogo la zamani limejaa tope na majani. Kwa mimi mtu wa Tanga maji yaliyotuama karibu na mlango ni mbu tu, hamna kingine, kwahiyo nilitaka nilifukie niweke banda la vifaa. Nikaita fundi tukakubaliana bei, na wiki moja kabla hajaanza, mwezi wa nne huo, nikainua kibamba cha jiwe pembeni ya bwawa nikakuta kiumbe cheusi kina mkia, ngozi ina vipele vipele, ubavuni vidoa vyeupe vidogo, na tumbo linachungulia rangi ya chungwa. Karibu urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Nikaruka jamani.

Wengi tukimuona tunasema mjusi. Sio mjusi, huyu ni niuti (newt kwa Kiingereza), ndugu wa chura, anazaliana majini ila muda mwingi wa maisha yake anakaa nchi kavu chini ya mawe na magogo, na kwetu Afrika Mashariki hayupo kabisa ndomana hatuna hata jina lake. Hapa kuna niuti wa aina tatu. Wawili ni wadogo, kama sentimita 10 hivi, hao utawaona sana. Wa tatu ndo mkubwa, niuti mwenye kishungi (great crested newt), anafika hadi sentimita 17, na dume wakati wa kuzaliana anaota kishungi mgongoni chenye meno meno kama msumeno. Huyo mkubwa ndo niliyemkuta mimi, na ndo sheria imemshika kwelikweli.

Nilimpigia mama video nikamuonyesha picha, akasema "mwanangu, hilo dude liue kabla halijamng'ata mtoto." Nikamwambia mama haling'ati, na hapa nikiliua nafungwa. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza ni kama wale vyura wa Kihansi? Nikasema ndio mama, ni habari ileile. Nadhani Mtanzania yeyote anakumbuka, wale vyura wadogo wa kwenye maporomoko ya Kihansi, maji yalivyochepushwa kwa ajili ya umeme makazi yao yakakauka, wakaponea kwenye zoo za Marekani mpaka 2012 walipoanza kurudishwa. Mimi hiyo habari ilinifanya nilione bwawa langu kwa jicho lingine.

Fundi nilivyomwambia akanijibu nifukie tu, nani atajua. Hapa nawaomba sana ndugu zangu, msikubali maneno hayo hata siku moja. Kuna sheria ya wanyamapori, Wildlife and Countryside Act ya 1981, na kanuni za makazi ya viumbe za 2017, na zote zinamlinda huyu. Kumuua, kumkamata, kumsumbua kwa makusudi, kuchukua mayai yake, kuharibu anapozaliana au anapopumzika, yote ni makosa ya jinai, jela mpaka miezi sita na faini isiyo na kikomo. Na kujitetea kwamba fundi ndo alisema nadhani haitakusaidia, gadeni ni yako.

Nilichofanya mimi, na ndo nakushauri: nilirudisha jiwe taratibu pale yeye akishasogea pembeni ili nisimbane, nikapiga picha moja tu kutoka juu, sikumgeuza kuangalia tumbo. Usimshike, usimuweke kwenye ndoo ukampeleka bwawa la mtu mwingine, kwanza ni kosa na pili unaweza kubeba magonjwa ya ngozi yanayoua amfibia, yaani viumbe kama chura na niuti. Kama kuna kazi ya kuchimba inaendelea simamisha hapohapo. Halafu tafuta mtaalamu wa ekolojia mwenye leseni, au vile vikundi vya kujitolea vya Amphibian and Reptile Groups, wetu walikuja na walikua watu wa heri sana. Ukitaka kujenga kitu kinachogusa makazi yake, leseni inatoka Natural England, shirika la serikali la mazingira, na waulize MAPEMA kabla hujalipa fundi chochote, kwasababu upimaji wa maji kuangalia DNA yake unafanyika kati ya katikati ya mwezi wa nne na mwisho wa mwezi wa sita, ukichelewa hapo unasubiri mpaka mwaka unaofuata. Mimi ningejua hilo ningeokoa hela ya advansi.

Ila usiogope kupita kiasi, kukata nyasi na kupanda mboga unaendelea tu kama kawaida. Mimi nilibadilisha vitu vichache. Samaki sikuweka, maana nilishanunua goldfish na jirani yangu mmoja mama mtu mzima akaniwahi, samaki wanakula watoto wote wa niuti. Majani ya majini siyang'oi wakati wa masika ya huku (spring), wakiwa wanataga. Jike anataga mayai kama 200 hadi 300, moja moja, kila yai analikunjia ndani ya jani kwa miguu ya nyuma, na nusu ya mayai hayo yanakufa tu kwa kasoro ya kromosomu ambayo aina yake yote inayo, sasa na mimi nije nimalizie yaliyobaki? Usafi wa bwawa nafanya mwishoni mwa mwaka, kwa sehemu sehemu. Na rundo la magogo au mawe kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili haliguswi wala kuchomwa moto, wamelala humo ndani.

Mbu niliowaogopa? Niuti wanakula viluwiluwi vyao.

Banda tumelijenga mbele, karibu na gari, ni dogo kuliko nililotaka. Mwezi wa tatu usiku wa mvua binti yangu anazima taa ya jikoni anasimama dirishani, anawangoja wavuke nyasi kwenda majini.