Usilipie hiyo seti ya dubu kabla hujahesabu maneno

Mkuu, usilipe kwanza. Umeandika kwamba mtoto ana mwaka na nusu, anapenda dubu kupita kiasi, na unataka kuagiza kasha la hadithi za dubu Winnie-the-Pooh na dubu Paddington kwa sababu muuzaji ameandika "miaka 0 hadi 6". Ukauliza pia jalada gumu au laini, na kama dubu watamtisha usiku. Hiyo "0" ndiyo iliyoniponza, na inaniuma kuona mwingine anaelekea kulekule.

Winnie-the-Pooh cha A. A. Milne kilitoka mwaka 1926, na A Bear Called Paddington cha Michael Bond mwaka 1958. Ni hadithi nzuri mno, lakini si vitabu vya picha. Vimegawanywa kwa sura, na michoro ya kalamu imepachikwa hapa na pale katikati ya maandishi. Ukurasa mmoja unausoma hadi pumzi inakata, na muda wote huo mtoto hana cha kutazama. Kwa umri wake, yeye anasoma picha, wewe unasoma maneno. Maneno yakizidi subira ya macho yake, anafunua ukurasa kabla hujafika kwenye nukta. Unamshika mkono, anakasirika, kitabu kinakuwa ugomvi. Kisha watu wanasema mtoto hapendi vitabu!

Wauzaji wanaopanga umri kwa kutazama jalada tu wanawakosea wazazi, nalisema wazi. Dubu kuvaa kofia hakufanyi kitabu kiwe cha mtoto mdogo.

Na usikimbilie matoleo yaliyofupishwa bila kuyafungua. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Cha kadibodi mara nyingi huwa na kurasa pungufu ya hizo, kwa hiyo hadithi ndefu ikihamishiwa humo mara nyingi kuna kinachokatwa. Kinachoenda huweza kuwa kibwagizo, yaani kilekile ambacho mtoto angekishika na kukisema pamoja nawe. Au chanzo cha tukio kinapotea: huku dubu analia, ukifunua anacheka, na ukurasa uliokuwa na blanketi lake lililopatikana haupo. Mtoto anarudi nyuma kulitafuta.

Kanuni ni moja. Fungua katikati ya kitabu, usifungue mwanzo, maana kurasa za mwanzo karibu kila mara zina maneno machache. Soma kwa sauti kurasa mbili zinazotazamana, kwa mwendo wa kumsomea mtoto, kisha hesabu maneno. Kipimo changu: chini ya miaka miwili, yasizidi 15. Kati ya miwili na mitatu, 40 hivi. Ukinunua mtandaoni, mwambie muuzaji akupigie picha ya kurasa za katikati. Akikataa, achana naye.

Mfano wa kitabu kinachofaa umri huo ni Brown Bear, Brown Bear, What Do You See? cha Bill Martin Jr. na Eric Carle, cha mwaka 1967. Kila unapofunua unakuta mnyama mmoja mkubwa, rangi moja nzito, nyuma yake peupe. Swali ni lilelile, na jibu linamtaja mnyama anayefuata, hivyo baada ya kusomewa mara kadhaa mtoto anamjua kabla hujafunua. Ila ujue dubu mwenyewe anatawala mwanzo tu, halafu wanakuja ndege, bata, farasi na wengine. Kama mtoto anadai dubu kila ukurasa, tafuta kingine chenye dubu mmoja anayefanya jambo moja kila ukurasa: anakula, anaoga, analala.

Jalada lisikusumbue, tazama kurasa. Chukua kitabu cha kadibodi chenye kona za mviringo, na ukifungue hadi kilale bapa uone kama gundi ya mgongoni inaachia. Kadibodi ikitafunwa inachanika tabaka kwa tabaka, kwa hiyo chagua iliyopakwa utando unaong'aa.

Kama seti umeshaagiza, usiirudishe kwa hasira. Iweke juu ya kabati mpaka afike miaka sita au saba. Hiyo picha ya kurasa za katikati ukiipata, iweke hapa tuhesabu.