Maswali ya Wasomaji: Fremu Zilizokaa Tupu na Viwanja vya Pikoboli

SWALI: Assalamu alaikum, mhariri. Marehemu baba yetu alituachia jengo la fremu za biashara hapa Ngamiani, Tanga. Sehemu ya chini, yenye mita za mraba 600, imekaa tupu tangu mpangaji wetu mkubwa alipohama. Kaka yangu aliyeko Marekani ametutumia picha za jengo kubwa la maduka lililogeuzwa viwanja vya ndani vya mchezo uitwao pikoboli (pickleball), unaochezwa kwa raketi na mpira wa plastiki unaopigwa juu ya wavu, naye anatuhimiza tubomoe kuta za fremu tufanye vivyo hivyo. Nguzo zetu zimeachana mita 5, na kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu ni mita 3.2. Je, tumsikilize?
M. S., Ngamiani

JIBU: Waalaikumu salamu, dada M. S., na Mwenyezi Mungu amrehemu mzazi wenu. Nakujibu waziwazi tangu mwanzo, kwa kuwa ukuta ukishabomolewa ndio umebomolewa: kwa vipimo ulivyoniandikia, jengo hilo halifai kwa pikoboli, na kinacholikwamisha si ukubwa wa sakafu bali ni nguzo na kimo.

Kiwanja cha pikoboli kina urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10, na hiyo ni mistari tu. Mchezaji hurudi nyuma ya mstari na kukimbilia pembeni, kwa hiyo eneo la chini kabisa linalopendekezwa kwa kila kiwanja ni kama mita 18.3 kwa 9.1. Nguzo zenu zikiwa zimeachana mita 5, hakuna namna ya kuuchora mstari wa mita 6.10 bila nguzo kusimama ndani ya kiwanja, na nguzo iliyo uwanjani haitibiwi kwa kuivisha godoro. Kuhusu kimo, inapendekezwa mpira upate angalau mita 5.5 zilizo wazi, bila taa wala feni, kwa sababu mojawapo ya mapigo ya kawaida ya mchezo huu ni kuuinua mpira juu upite kichwani mwa mpinzani aliyesogea wavuni. Chukua mpira wowote mwepesi, simama mwisho mmoja wa fremu, kisha umrushie mtu aliye mwisho wa pili ukiupitisha juu sana ya kichwa chake: utagonga zege, nawe utakuwa umepata jibu kwa sikio lako mwenyewe. Asije fundi akakwambia nguzo moja au mbili zinaweza kuondolewa. Nguzo hizo ndizo zilizobeba ghorofa iliyo juu yenu.

Kaka yako hakukudanganya, ila majengo aliyoyaona ni ya namna nyingine. Katika majengo ya maduka ya Marekani, upande mmoja au zaidi hukaliwa na duka moja kubwa mno ambalo ndilo huwavuta wateja wa maduka madogo. Maduka ya aina hiyo yalitikiswa sana watu walipozoea kununua kwa njia ya intaneti. Kampuni mbili zenye maduka hayo, Sears na JCPenney, ziliomba mahakama izilinde dhidi ya wadai kwa kufilisika, ya kwanza mwaka 2018 na ya pili mwaka 2020. Yanapofungwa huacha kumbi zenye nafasi pana, na mara nyingi dari ya kuning'inia ikishatolewa hupatikana kimo kizuri zaidi. Huko Stamford, katika jimbo la Connecticut, viwanja 28 viliwekwa mahali palipokuwa na duka la nguo, katika eneo la takribani mita za mraba 7,430. Gawanya mwenyewe: kila kiwanja kimemeza kama mita za mraba 265, ukihesabu njia za kupita, mapokezi, vyoo na sehemu za kukaa. Kwa hesabu hiyo, hata kama jengo lenu lisingekuwa na nguzo hata moja, mngepata viwanja viwili, yaani watu wanane, wanne kila kiwanja, wakicheza kwa wakati mmoja katika eneo linalotosha maduka mengi. Naomba hesabu hiyo muifanye na kaka yako kabla ya hesabu nyingine yoyote, kwa sababu ada ya hao wanane ndiyo itakayolazimika kuzidi kodi ya fremu.

Ikiwa moyo wako umeupenda mchezo wenyewe, na ningefurahi sana kuuona Tanga, basi litafuteni ghala. Mji huu ulijengwa kwa biashara ya mkonge, na ghala lililokusudiwa kupangiwa marobota hadi juu huwa na kile msichonacho: paa la juu na nguzo chache. Shida yake ni joto. Bati la Tanga mwezi wa Februari mnalijua, na feni kubwa si dawa kamili, maana mpira wa pikoboli ni wa plastiki, una matundu, na uzito wake haufiki gramu 27. Upepo wa feni ukiuelemea, hubadili njia. Ni afadhali hewa ya moto itolewe kwa matundu ya juu ukutani, karibu na paa. Sakafu iwe ya zege lililosawazishwa na kupakwa rangi ya viwanja yenye mchanga laini. Vigae viepukeni kabisa: unyevunyevu wa pwani na jasho huvifanya viteleze, na mpira ukidunda kwenye maungio huruka ovyo.

Hata hivyo, kabla ya kulipia ghala, jaribuni kwanza bila kujenga chochote. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, na watu watatu, Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum, na ulianzia kwenye kiwanja cha zamani cha badmintoni, ndiyo maana vipimo vya viwanja hivyo viwili karibu ni sawa. Ombeni shule au klabu yenye kiwanja cha badmintoni, mteremshe wavu ufike sentimita 86 katikati na 91 pembeni, mnunue raketi nne na mipira, muone kama watu watarudi wiki ya pili na ya tatu. Kwa fremu zenu, meza za mchezo wa tenisi ya meza zinawezekana katika kimo hicho. Mkiamua hivyo, ulizeni kwanza halmashauri ya jiji kuhusu kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo.

SWALI: Mwenye ukumbi wa jirani yetu anasema ataweka viwanja vya pikoboli. Ukuta wake unapakana na madrasa. Je, mchezo huo una kelele?
Mzee wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Ndiyo, unazo. Raketi yake ni ngumu na mpira nao ni mgumu, hivyo kila pigo hutoa mlio mkali wa ghafla unaopenya kuliko mlio wa tenisi, na huko Marekani majirani wamefikishana mahakamani kwa ajili yake. Ndani ya ukumbi wenye kuta tupu mlio huo hurudi na kujirudia. Mapazia mazito na vitambaa vinene ukutani hupunguza mwangwi kwa wanaocheza, lakini havizuii sauti kutoka nje ikiwa madirisha yako wazi, na kwa joto letu madirisha hayatafungwa. Kwa hiyo mwombeni jirani yenu mambo mawili kabla hajachora mistari: viwanja vikae upande ulio mbali na ukuta wa madrasa, na saa za darasa na za sala ziandikwe katika ratiba yake kuwa ni saa za kufunga.