Mama Naye Apelekwe Darasani: Kwa Familia Zinazotumwa Bolivia

Wanandoa wanaojiandaa kwenda kutumika katika nchi zinazozungumza Kihispania huniuliza kwanza habari za viza, nauli na baridi. Nawajibu, lakini kabla ya hayo huwaomba wanionyeshe barua ya makubaliano kati yao na kanisa linalowatuma, kwa kuwa humo ndimo ninamoona kama familia hiyo itadumu. Mara nyingi barua husema kwamba mchungaji atasoma lugha kwa miezi kadhaa kisha ataanza huduma, na kuhusu mkewe haisemi lolote isipokuwa kwamba atamsaidia mumewe. Ushauri wangu, baada ya miaka tuliyoishi mimi, mume wangu na watoto wetu Cochabamba, nchini Bolivia, ni kwamba familia isipande ndege mpaka barua hiyo iandikwe upya na kutamka wazi kuwa mume na mke watasoma Kihispania sawa kwa sawa, kwa ada kamili, na kwamba katika mwaka wa kwanza hakuna hata mmoja wao atakayepangiwa huduma.

Jambo hili nililijua kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya lugha ya Makoko, Musoma, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll, shirika la Kikatoliki kutoka Marekani. Darasani kwangu walipita mapadre, masista, na pia wanandoa wa Kiprotestanti kutoka Ulaya na Marekani, na baada ya muda haikuwa vigumu kutabiri nani angekaa na nani angerudi. Familia ambayo mama alihudhuria vipindi vyote ilikuwa inaalikwa harusini na kukaa msibani hata kabla ya kumaliza kozi. Familia ambayo mama alibaki nyumbani na watoto, akaokota Kiswahili cha kununulia nyanya na kumwagizia msichana wa kazi, ilirudi kwao mapema, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya ya mama. Cochabamba nako Wamaryknoll walikuwa na taasisi yao iliyofundisha Kihispania na lugha mbili za wenyeji, Kikechua na Kiaimara, kwa hiyo tulipofika huko nilikuwa nimekwisha kuona darasa la namna hiyo kutoka upande wa mwalimu.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati katika Kihispania. Irabu zake tano ni hizi hizi zetu, na anayeweza kutamka "kheri" kama watu wa pwani hatahangaika na herufi j yao. Ugumu uko kwenye vitenzi, ambavyo hugeuka maumbo mengi, na kwenye majina, ambayo kila moja ama ni la kiume ama la kike. Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kitabuni. Ni swali la nani atakaa na watoto wakati wazazi wako darasani. Shule nyingi za Bolivia huendeshwa kwa zamu, asubuhi au alasiri, na mtoto wa zamu ya asubuhi hurudi nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Sisi sote wawili tulichukua masomo ya asubuhi, tukampata mama jirani wa kumtunza mtoto mdogo, na malipo yake tukayaweka kwenye bajeti ya utume, wala si kwenye posho yetu. Mhasibu wa kanisa nyumbani alihoji. Mwacheni ahoji, kisha mwelezeni kwamba gharama hiyo ni ya utume kama ilivyo nauli ya ndege.

Nasisitiza habari ya mama kwa sababu ya hali ya kanisa lenyewe. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na serikali ya Bolivia ikawaachisha kazi wachimbaji zaidi ya 20,000 wa migodi yake. Wengi wao waliteremka na familia zao kutoka Oruro na Potosí, wakajenga kwenye vilima vikavu vya kusini mwa jiji la Cochabamba, ambako mabomba hayakuwa yamefika na ambako nyumba nyingi zimeendelea kununua maji ya lori na kuyaweka kwenye mapipa. Baadaye likaja wimbi la kuondoka. Wanawake walikwenda Hispania kutunza wazee na watoto wa watu wengine, hasa kabla ya Aprili 2007, Hispania ilipoanza kuwadai Wabolivia viza, na waliobaki kulea watoto ni akina bibi. Kwa hiyo ukiingia Jumapili katika kanisa la kiinjili la mtaa wa namna hiyo, utawakuta wanawake wa makamo na wazee, wengi wao wachuuzi wa sokoni, watoto tele, na wanaume wachache wamekaa nyuma karibu na mlango.

Mchungaji mgeni, hata awe na Kihispania fasaha cha mtangazaji wa redio, hawezi kukaa jikoni na bibi ambaye binti yake yuko Barcelona na hajapiga simu tangu Pasaka. Mke wa mchungaji anaweza, na huko jikoni ndiko yanakosemwa mambo ambayo mahubiri hayayafikii: fedha zilizotumwa zikaishia mikononi mwa mjomba, mjukuu aliyeanza kutoroka shuleni, mume aliyerudia kunywa chicha, ile pombe ya mahindi ambayo bonde la Cochabamba linajulikana kwayo. Huduma yetu iliyodumu kuliko zote, ya kuwasaidia watoto kazi zao za shule alasiri, haikutoka kwenye mpango wowote wa mwaka. Iliombwa na akina bibi huku wakimenya viazi, kwa sababu walitakiwa kutia saini madaftari ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyasoma. Kama nisingekuwa na Kihispania cha kutosha kusikia ombi lililosemwa nusu nusu, kwa haya na kwa kuzungukazunguka, lingepita tu.

Hao akina bibi, hata hivyo, hawasali kwa Kihispania. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inatambua Kihispania pamoja na lugha 36 za wenyeji kuwa lugha rasmi, na katika bonde la Cochabamba lugha ya moyoni kwa wazee wengi ni Kikechua. Msiongopeane kwamba mtajifunza lugha mbili kwa mara moja, Kihispania kwanza. Lakini jifunzeni mapema salamu, pole, na sala fupi ya kushukuru chakula kwa Kikechua, na mfahamu kwamba mama akianza kuomba kwa Kihispania kisha akahamia Kikechua katikati ya sala, sasa ndipo anaposema lililomleta.

Sokoni nako ni shule. La Cancha, soko kuu la Cochabamba, ni kubwa kiasi cha kumpoteza mwenyeji, na mgeni hushawishika kuzunguka akitafuta bei nafuu kila siku mahali tofauti. Mchagueni mwanamke mmoja wa viazi, mmoja wa vitunguu, mmoja wa nyama, na mrudi kwao hao hao. Watawapa yapa, yaani nyongeza, kama anavyofanya muuza dagaa wa Musoma kwa mteja wake, na baada ya muda watawauliza habari za watoto kwa majina. Wawili kati ya waumini waliokuja kanisani kwa mwaliko wangu walikuwa wauzaji wangu, na sikuwahi kuwapa kijikaratasi chochote.

Kuhusu kutembelea nyumba, saa ya mchana ni ya familia. Maduka mengi hufungwa, watoto hurudi, na chakula kikuu cha siku huliwa pamoja kikianza na supu. Usiende bila kualikwa, na ukialikwa usiache chakula kwenye sahani. Supu ya karanga ya Cochabamba itamfurahisha Mtanzania bila kujilazimisha. Chuño, viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku wa milimani kisha vikakaushwa juani, vinahitaji uvumilivu, na mume wangu hadi leo huvimeza kwa imani.

Jambo litakalowapa taabu zaidi kichungaji ni Todos Santos, yaani sikukuu ya Watakatifu Wote. Kuanzia adhuhuri ya tarehe 1 Novemba hadi adhuhuri ya tarehe 2, familia zilizofiwa huandaa meza ya marehemu yenye picha yake, vyakula alivyovipenda, na mikate iliyofinyangwa kwa sura za watoto, farasi na ngazi, na wageni huja kuomba na kupewa mkate. Makanisa mengi ya kiinjili yanawakataza waumini kuandaa meza hiyo, na mjane aliyeokoka mwaka huu hujikuta kati ya kanisa lake na mama mkwe wake. Nimewasikia wamisionari wakitoa msimamo juu ya jambo hili katika juma lao la kwanza, na nadhani huo ni ujasiri wa bei rahisi, maana si wao watakaokaa na lawama za ukoo. Msimamo autoe mchungaji mwenyeji, ambaye mama yake mwenyewe amezikwa katika makaburi hayo. Kazi ya familia ya kimisionari ni nyingine: kwenda msibani siku ile ile ya kifo, kukaa usiku, kurudi juma linalofuata na mwezi unaofuata, ili mjane asipate faraja mara moja tu kwa mwaka na tena kutoka mahali ambapo kanisa limemkataza kwenda. Mtu aliyekulia kwenye matanga ya kwetu hahitaji kufundishwa kukaa msibani, na ninaamini hapa ndipo Mwafrika ana kitu cha kutoa ambacho wamisionari wengi waliotutangulia hawakuwa nacho.

Mtaombwa pia kuwa wasimamizi, padrino na madrina, wa ndoa, wa mahafali, wa keki, hata wa jezi za timu ya vijana. Desturi hii ina asili ya Kikatoliki lakini imebaki hai miongoni mwa waumini wa kiinjili, na inawafunga wazazi na wasimamizi katika undugu wa kudumu wenye gharama zake. Kukataa zote ni kujitenga. Kukubali zote ni kufilisika na kugeuka mfadhili badala ya ndugu. Tulijiwekea kiasi cha fedha kwa mwaka, na kilipokwisha tulisema hivyo waziwazi, wala hakuna aliyekasirika, kwa sababu nao wana mipaka yao.

Watoto wenu watayarisheni kabla ya safari kwa jambo moja mahususi. Wapo Wabolivia ambao wakimwona mtu mweusi barabarani humfinya aliye karibu nao, na kusema "suerte", wakiamini wamejipatia bahati. Wabolivia wenye asili ya Afrika, ambao wengi wanatoka mabonde ya Yungas na ambao katiba ya 2009 inawatambua kwa jina, wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na tangu 2010 ipo Sheria namba 045 dhidi ya ubaguzi wa rangi. Tuliwaambia watoto mapema litakavyotokea, tukawafundisha kujibu kwa sauti ya kawaida kwamba wana majina, na tukawapeleka Yungas wakaone watu wenye ngozi kama yao wakicheza saya, ngoma yao ya asili, na kuzungumza Kihispania cha nyumbani kwao. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu. Mtoto akijifunza kuaibika kwa lugha ya mama yake, hakuna darasa la Jumapili litakalolirekebisha hilo.

Jambo dogo kwa wenzangu wa Kanisa la Mennonite: msishangae mkijitambulisha na kutazamwa kwa mashaka. Kwa Mbolivia wa kawaida, Mmennonite ni mzungu wa kijiji cha wakulima karibu na Santa Cruz, aliyevaa ovaroli na anayeuza jibini. Nilipoeleza kwamba kwetu, tangu wamisionari walipofika Shirati mwaka 1934, Wamennonite ni Wajaluo, Wakurya na Wajita, mama mmoja aliniuliza kama nasi tunauza jibini.

Mengine ni mepesi. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vithibitishwe nyumbani kabla ya safari, kwa maana kuvifuatilia ukiwa huko kunakula fedha na usingizi. Ingieni kupitia Santa Cruz, iliyo kwenye nyanda za chini, kisha mpande Cochabamba, iliyo kwenye mita kama 2,500, badala ya kutua El Alto, jirani na La Paz, ambako uwanja wa ndege uko juu ya mita 4,000 na kichwa huuma kabla ya kuchukua mizigo. Wekeni akiba ya unga, mchele na mtungi wa pili wa gesi, kwa kuwa barabara hufungwa na waandamanaji mara kwa mara na hakuna ajuaye zitafunguliwa lini.

Linabaki suala la taarifa za kila robo mwaka. Kanisa nyumbani litataka idadi ya waliobatizwa, na katika mwaka wa kwanza hamtakuwa na idadi yoyote. Ndiyo maana mume hukimbilia mimbari na mke hubaki bila lugha. Kubalianeni mapema kwamba taarifa za mwaka huo zitaandikwa na wote wawili kwa zamu, zikieleza mlichojifunza, nyumba mlizokaribishwa na misiba mliyokaa, na kwamba ada ya lugha ya mama haitaguswa hata michango ikipungua. Mzee wa kanisa na mhasibu wasaini ukurasa huo kabla tiketi hazijanunuliwa.