Maswali na Majibu: Walowezi wa Amerika Walivyoachana na Mfalme

Maswali ya safari hii yanahusu makoloni 13 ya Uingereza yaliyojitangazia uhuru mwaka 1776 na kuwa Marekani.

Kodi yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani hadi watu washike bunduki?

Haikuwa kubwa. Mwananchi wa Uingereza alilipa zaidi kuliko mlowezi wa Amerika. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuipanga. Uingereza ilimaliza vita na Ufaransa mwaka 1763 ikiwa na deni zito, na London ikaona walowezi nao wachangie ulinzi wao. Mwaka 1765 ukaja ushuru wa stempu: magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata na dadu, vyote vilitakiwa kuwa na stempu ya kulipia. Tazama uliwagusa akina nani: wanasheria, wachapaji na wenye vilabu vya pombe, yaani watu wenye midomo mjini. Agosti, huko Boston, sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu hizo, ikatundikwa mtini, naye akakubali kuachia kazi.

Makoloni yalikuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, yaliyozoea kujipangia kodi. Bunge la London halikuwa na mbunge wao hata mmoja. Ushuru ulifutwa mwaka 1766, lakini papo hapo Bunge likapitisha sheria nyingine ya kusisitiza kuwa linaweza kuwatungia walowezi sheria juu ya jambo lolote lile. Kwa maoni yangu, ugomvi uliofuata ulikwishaandikwa ndani ya sheria hiyo.

Nasikia chai iliyomwagwa Boston ilikuwa imeshushwa bei. Sasa kwa nini waimwage?

Ni kweli ilishuka. Sheria ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa taabani kifedha, kupeleka chai Amerika moja kwa moja kupitia mawakala wake. Ikawa rahisi kiasi cha kushindana na chai ya magendo, na tusifiche kwamba baadhi ya wafanyabiashara waliokasirika walikuwa wakiishi kwa magendo hayo. Ila ndani ya bei ile mlikuwa na kodi ya peni 3 kwa kila ratili, na kila mnunuzi angekuwa ameikubali.

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, watu waliojipaka masizi na kujifanya Wamohawk, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika, walipanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua makasha 342 kwa mashoka. Maji yalikuwa yamekupwa, hivyo chai ilirundikana ubavuni mwa meli ikabidi isukumwe mbali. London ikaifunga bandari ya Boston. Adhabu hiyo iliyaunganisha makoloni kuliko hotuba yoyote: Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia.

Walitaka uhuru tangu mwanzo?

La. Risasi zilianza kulia Lexington tarehe 19 Aprili 1775, na bado Julai mwaka huo walimwandikia Mfalme George wa Tatu kumsihi wapatane. Mfalme hakukubali kuipokea barua. Agosti akawatangaza kuwa waasi. Januari 1776 Thomas Paine, Mwingereza aliyefika Amerika mwishoni mwa 1774, akatoa kijitabu kilichoushambulia ufalme wenyewe kwa lugha ya mtu wa kawaida, na kikasomwa kila mahali. Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai. Tarehe 4 ni siku andiko la Azimio la Uhuru lilipopitishwa, na sahihi nyingi zilitiwa Agosti.

Na watu weusi walikuwa upande gani?

Swali hili lingestahili kutangulia. Karibu mtu mmoja kati ya watano katika makoloni alikuwa na asili ya Afrika, na walio wengi walikuwa watumwa. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayetoroka na kubeba silaha kwa ajili ya mfalme atakuwa huru. Huruma haikuwamo, kwa sababu watumwa wa watu wa upande wa mfalme hawakuguswa. Hata hivyo maelfu walitoroka.

Mmoja wao alikuwa Harry Washington, aliyezaliwa Afrika Magharibi na kumilikiwa na George Washington mwenyewe, jemadari wa jeshi la makoloni na baadaye rais wa kwanza wa Marekani. Alikimbilia kwa Waingereza mwaka 1776. Vita vilipokwisha, aliondoka New York kwenda Nova Scotia, katika Kanada ya leo, pamoja na watu weusi wapatao 3,000 walioandikwa kwenye daftari moja la Waingereza. Mwaka 1792 akavuka bahari hadi Sierra Leone. Huko Freetown, mwaka 1800, alijiunga na walowezi weusi waliogomea kodi ya ardhi waliyotozwa na kampuni ya Kiingereza, akafukuzwa mjini. Natamani kila mwanafunzi anayefundishwa habari za George Washington afundishwe na za Harry.

Wengine walipigana upande wa makoloni. Na Massachusetts, mwaka 1781, mtumwa Elizabeth Freeman alikwenda mahakamani akidai kuwa katiba mpya ya huko imesema watu wote huzaliwa huru na sawa. Alishinda.

Je, uhuru wao tuuhesabu kuwa ukombozi kama wa kwetu?

Mimi siuhesabu hivyo. Tanganyika na Kenya waliodai uhuru walikuwa wenyeji. Kule walikuwa walowezi. Walio karibu nao zaidi ni walowezi wa Rhodesia, waliojitenga na Uingereza tarehe 11 Novemba 1965 kwa tangazo lililoiga maneno ya lile la 1776, ili Waafrika walio wengi wasitawale. Hoja ya kutotozwa kodi na bunge usilolichagua naikubali kabisa. Nisichokubali ni kuificha nusu ya pili ya habari hii, ile ya watumwa na wenyeji wa asili.

Ufaransa ilisaidia kiasi gani?

Sana. Iliingia rasmi mwaka 1778, baada ya makoloni kuwashinda Waingereza huko Saratoga, na meli zake ndizo zilizowazibia Waingereza njia ya bahari pale Yorktown hadi wakasalimu amri Oktoba 1781. Mkataba wa Paris wa 1783 uliipa Marekani ardhi hadi mto Mississippi. Mataifa ya wenyeji wa asili, waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo, hayakualikwa wala kutajwa.