Kwa mabinti mnaotaka kuchezesha besiboli ya wanaume

Tangu Jen Pawol achezeshe mechi ya Ligi Kuu ya Marekani tarehe 9 Agosti 2025 kule Atlanta, Braves dhidi ya Marlins, mabinti wananiandikia. Wengi ni watoto wetu waliokulia huku Minnesota, nyumbani Kiswahili na shuleni besiboli. Swali lao ni moja: nianzie wapi nami nifike pale? Mimi huchezesha mechi za sekondari, na za wanaume watu wazima wa miji midogo ya hapa, walimu, wakulima, mafundi, wanaocheza jioni na wikendi bila mshahara. Kwenye ligi ya kulipwa sijafika. Lakini uamuzi ni uleule, mpira ni uleule, na wanaume ni walewale. Nitawaambia ninayoyafanya mwenyewe, pamoja na yaliyowapata waliotutangulia.

Kwanza tazameni tarehe nyingine kabla ya hiyo ya Agosti. Mwaka 2015 Pawol alikwenda kujaribiwa Cincinnati. Mwaka uliofuata alipitia chuo cha waamuzi kule Vero Beach, Florida, kisha akaanzia ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo. Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu, aliifikia 2023. Kufikia siku ile ya Atlanta alikuwa amechezesha zaidi ya mechi 1,200 za ligi ndogo. Magazeti yalisema amefungua mlango. Mimi naona alikuwa ndani miaka yote hiyo, akila vumbi la viwanja ambavyo hakuna aliyempiga picha. Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namuuliza kama anaweza kuipa kazi hii miaka kumi. Kuingia huweza kuwa siku moja tu.

Na kweli yupo ambaye ilikuwa siku moja tu. Bernice Gera alisoma uamuzi Florida mwaka 1967, akanyimwa kazi, ikabidi aende mahakamani. Kesi ilivutana miaka hadi akashinda katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York. Tarehe 24 Juni 1972 akasimama uwanjani katika mji wa Geneva wa jimbo hilohilo, mwanamke wa kwanza kuchezesha besiboli ya kulipwa. Kwenye beisi ya pili, kimoja cha vituo vinne anavyopitia mkimbiaji, alitamka kwamba mkimbiaji yuko salama, kisha akageuza uamuzi. Meneja akamjia juu, Gera akamtoa nje. Mechi ilipokwisha, kabla ya ile ya pili ya siku hiyo kuanza, alijiuzulu. Watu humtaja kama mfano wa mwanamke aliyeshindwa, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Alieleza baadaye kwamba waamuzi wenzake hawakutaka kushirikiana naye. Anayejua kazi hii anaelewa uzito wa jambo hilo.

Mechi nyingi za ngazi ya chini huwa na waamuzi wawili tu, mmoja nyuma ya pleti, yaani beisi ya nyumbani anaposimama mpigaji, na mwingine kwenye beisi. Wawili, na beisi nne! Hamtoshi, isipokuwa mkisemezana. Kabla ya mechi mnasimama kando ya gari na kugawana uwanja: mpira ukipigwa juu upande wa kulia, nani anaufuata? Mkimbiaji akitoka beisi ya kwanza akapitiliza kwenda ya tatu, wa pleti ndiye anayekimbilia ya tatu, na anapaza sauti kwamba anakwenda, mwenzake asiende pia. Mnakubaliana na ishara. Mimi nikigusa kifundo cha mkono kwa vidole viwili, namkumbusha mwenzangu kwamba wawili wameshatolewa na mkimbiaji akifika nyumbani lazima tutazame kipi kimetangulia, yeye kufika au mwenzake kutolewa. Mwamuzi asiyesemezwa na mwenzake anachezesha akiwa amefumbwa jicho moja. Kwa hiyo jifunze kuwa mwenza mzuri mapema. Fika kabla ya saa, mtafute yule mzee aliyepewa mechi pamoja nawe, umuulize anapendaje kugawana uwanja. Shikamoo haipo kwa Kiingereza, lakini heshima yake ipo, na wazee wa kazi hii huijua wakiiona. Wengi walionifundisha mimi ni wanaume wa umri wa baba yangu, na walinifundisha kwa sababu niliuliza.

Sasa nyuma ya pleti. Simama kwenye pengo kati ya mdakaji na mpigaji, usijifiche nyuma ya mgongo wa mdakaji. Kidevu kiwe usawa wa juu ya kofia yake. Mpira ukirushwa, kichwa kisitikisike. Macho peke yake ndiyo yasafiri nao mpaka kwenye glavu. Halafu ngoja. Acha mpira utue, uuone tena akilini, ndipo utamke. Wageni wote hutamka haraka kwa hofu ya kuonekana wanasitasita, na haraka hiyo ndiyo inayowaponza. Ukingoja kidogo kwa kila mpira, mdakaji na mpigaji wanaizoea nafasi hiyo, na hata straiki ya pembeni kabisa, yaani mpira uliogusa ukingo tu wa eneo halali la kupigia, inapokelewa kwa sababu imetamkwa kwa mwendo uleule. Sauti usiikaze iwe ya kiume. Itoe tumboni, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na itasikika mpaka uzio wa nyuma.

Vifaa vinahitaji uangalifu. Kinga nyingi za kifua zimekatwa kwa kifua cha mwanamume. Zikikaa vibaya huacha mfupa wa bega wazi, na hapo ndipo mpira uliokwaruzwa na gongo hupenda kutua. Ijaribu dukani ukiwa umechuchumaa, si wima. Mimi huvaa mtandio mweusi wa michezo chini ya kofia, mwembamba, usio na pini hata moja, na barakoa ya chuma inakaa juu yake bila kuteleza. Vyumba vya kubadilishia nguo usivitegemee. Njoo umeshavaa nusu, mengine malizia kwenye gari kama wanavyofanya wanaume wenyewe.

Makocha watakuja juu. Anayeuliza, mjibu kwa kifupi na kwa utulivu: niliona nini, kanuni inasema nini, tuendelee. Anayepiga kelele, mwache apige kiasi chake, kisha mwonye mara moja. Straiki na mpira wa nje havijadiliwi, kanuni iko wazi. Lakini anayetukana uanamke wako, huyo hana onyo, anatoka. Kuna watakaokushauri uvumilie ili upendwe. Mimi nasema usivumilie, kwa sababu benchi zima linatazama, na wachezaji wa miaka kumi na minane waliokaa pale wanajifunza kwako kinachoruhusiwa. Usiku huohuo andika ripoti: kipindi cha ngapi, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Iandike kabla ya kulala.

Na karatasi ni muhimu kuliko mnavyodhani. Pam Postema alianza ligi ndogo mwaka 1977, akapanda hadi Triple-A, akadumu humo miaka, akachezesha hata mechi za maandalizi za timu za Ligi Kuu. Mwaka 1989 akaachishwa. Miaka 13, kisha basi. Akaishia kudai haki yake mahakamani. Baada yake Triple-A ilikaa miaka 34 bila mwanamke mpaka Pawol alipofika. Nafasi za kudumu Ligi Kuu ni 76 tu, na aliyezikalia hatoki upesi, hivyo hata wanaume hodari hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo kila anayekutathmini mwombe akuandikie, na uzihifadhi tathmini zote. Na uwe na kazi nyingine mkononi. Pawol mwenyewe alisomea uchoraji na kufundisha sanaa shuleni.

Wengine mmeniuliza kuhusu kucheza, si kuchezesha. Hapa St. Paul tuna uwanja wenye jina la Toni Stone, binti aliyekulia mji huu. Mwaka 1953 Indianapolis Clowns walimsajili kulinda beisi ya pili katika ligi ya Weusi. Mwenye timu alitaka mashabiki waje kumtazama mwanamke, hilo halikufichwa. Alitakiwa hata avae sketi, akakataa. Mwaka uliofuata akahamia Kansas City Monarchs, wakamweka benchi, akaacha. Kualikwa kwa ajili ya tiketi si aibu. Ukiingia uwanjani ni mpira tu, na mpira haujui nani ameuza tiketi. Uliza mapema utacheza vipindi vingapi, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta timu nyingine. Mwanamke mwingine, jina lake Ila Borders, mrushaji wa mkono wa kushoto, alianza na St. Paul Saints mwaka 1997 akapata nafasi finyu. Alipohamia Duluth akapangwa kuanza mechi, na tarehe 24 Julai 1998 alirusha vipindi sita bila kuruhusu bao, akashinda.

Anayetaka kuanza msimu ujao asisubiri theluji iyeyuke. Jiandikishe na chama cha michezo cha sekondari cha jimbo lako wakati wa baridi, chukua kitabu cha kanuni, hudhuria mafunzo yao. Omba mechi za watoto kwanza, nyingi kadiri utakavyopewa, nyuma ya pleti kuliko kwenye beisi. Ligi Kuu nayo huandaa kambi za siku moja za kutafuta waamuzi, bila ada, katika miji mbalimbali. Nenda ukiwa umeshachezesha, si kabla. Aliye karibu na St. Paul na hana vifaa aniandikie. Nina barakoa na kinga ya miguu za ziada, na Aprili huwa natafuta mwenza wa beisi kwa mechi za jioni.