Zawadi za siku ya kuzaliwa kutoka maktaba ya skuli: yanayotufaa sisi Pemba

Assalaam alaykum mwalimu. Nimeliona suali lako: umekabidhiwa maktaba ya skuli ya msingi huko Unguja, wanafunzi wako ni kiasi cha 300, unataka kila mmoja apate kitu siku yake ya kuzaliwa, na fedha uliyonayo haifiki hata shilingi 500 kwa mtoto. Mimi nasimamia maktaba ya skuli ya msingi Pemba, upande wa Wete, na kazi hii tunaifanya. Inawezekana kabisa, na kwa watoto wengi hutohitaji hata hizo 500.

Usianzie dukani. Anza na rejista ya skuli, utoe orodha ya tarehe, mwezi kwa mwezi. Ukimaliza utaona kuna watoto wameandikwa 1 Januari kwa kuwa tarehe yao haijulikani nyumbani, kuna waliozaliwa wakati wa likizo, na kuna ambao mwaka huu tarehe yao imeangukia Ramadhani. Ukitoa zawadi siku kwa siku, hao wote watapitwa, na mtoto aliyepitwa anajua kuwa amepitwa. Sisi tunatoa kwa mwezi: waliozaliwa mwezi huo huitwa pamoja siku moja, wa likizo huunganishwa na mwezi unaofuata, na asiyejua tarehe yake huulizwa nyumbani achaguliwe mwezi. Hapo ndipo utakapojua pia hesabu halisi ya vitu unavyohitaji.

Jambo la pili ni wazee wa watoto. Kuna nyumba ambazo siku ya kuzaliwa haisherehekewi kwa sababu ya dini, na unajua kama ninavyojua kuwa si chache. Zungumza na mwalimu mkuu na kamati ya skuli mapema. Kwetu hakuna keki, mishumaa wala wimbo; mtoto huitwa jina, huombewa dua ya umri na elimu, hupewa kitu chake, basi. Mzee ambaye hata hilo halimridhishi, mtoto wake hupewa kitu kile kile mwisho wa muhula kama zawadi ya usomaji. Hili nalitilia mkazo kwa sababu maktaba ikiingia kwenye ugomvi na nyumba moja, watoto wa nyumba hiyo ndio watakaokosa vitabu.

Sasa zawadi zenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ni alama ya kuwekea ukurasa. Watoto wetu hukunja pembe za kurasa, au hutia kalamu katikati ya kitabu mpaka gundi ya mgongo inaachia, kwa hiyo zawadi hii inamfaa mtoto na inakilinda kitabu. Karatasi moja ya manila ya saizi ya A4 ukiigawa sehemu nne kwa upana na sehemu mbili kwa urefu inatoa alama 8, kila moja sentimita 5 kwa karibu 15. Watoto 300 wanamalizwa na karatasi 38. Andika jina la mtoto kwa mkono, tena kwa hati nzuri. Usichapishe majina kwa kompyuta. Mtoto hukaa akiyaangalia yale maandishi kwa sababu kuna mtu mzima aliyekaa kitako kuandika jina lake.

Lakini kama una bibi anayesuka mikeka jirani na skuli, mwendee. Mkeka ukimalizika hubaki vipande vya ukili, yaani ule utepe uliosukwa kwa ukindu (majani ya mkindu), ambavyo havina kazi. Kipande chembamba cha urefu wa shubiri moja, kikishonwa pindo pande zote mbili kisifumuke, ni alama ya kitabu itakayodumu miaka. Angalia mambo mawili tu. Kwanza kisiwe kinene, maana kinene kinakitanua kitabu na kuvunja mgongo. Pili ni rangi. Ukindu uliotiwa rangi hutoka rangi ukipata unyevu, na masika yetu ya Machi hadi Mei unayajua: ukurasa mweupe unageuka zambarau. Ama uombe ukili mweupe usiotiwa rangi, ama uuloweke usiku mzima, uusuuze mpaka maji yawe safi, uuanike ukauke vizuri kabla ya kuugusisha na kitabu. Ukiuweka mbichi kwenye boksi utashika ukungu. Na huyo bibi mlipe kitu, hata kama anakwambia chukua bure. Ile ni kazi ya mikono yake.

Pipi na biskuti siziungi mkono, ingawa najua ndizo zinazopendekezwa sana. Zinaleta sisimizi na mende ndani ya maktaba, na mende hula gundi ya vitabu. Halafu pipi ikishaisha mdomoni, mtoto hana tena sababu ya kurudi kwako.

Zawadi ambazo watoto wangu wanazigombania, ukishakuwa na muhuri, hazina gharama yoyote. Ya kwanza ni muhuri wa tarehe. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo hukaa kwenye meza yangu wakati wa mapumziko, anawagongea wenzake muhuri kwenye vitabu wanavyoazima. Wapo wavulana ambao tangu darasa la kwanza hawakuwahi kuazima kitabu, wakaja kwa kuwa rafiki yao ndiye anayegonga. Ya pili ni ruhusa: wenzake wanaazima kitabu kimoja, yeye mwezi huo anaazima viwili, na likifunguliwa boksi la vitabu vipya yeye anachagua mwanzo. Mwandikie ruhusa hiyo nyuma ya alama yake ya kitabu, awe nayo mkononi kama haki yake, asihitaji kukuomba.

Na kuna hii, ambayo naipenda kuliko zote. Chukua karatasi moja tu ya A4, ikunje sehemu nane, uikate mkato mmoja katikati, uikunje tena. Unapata kijitabu cha kurasa nane pamoja na jalada, bila gundi wala pini. Mpe mtoto kikiwa kitupu, jina lake likiwa limeandikwa juu ya jalada mahali pa mwandishi. Mwambie aandike na achore anachotaka, na akikirudisha kitaingia maktabani. Kikirudi kiingize kwelikweli: kipe namba, kitie muhuri, kiandike kwenye daftari la vitabu, kiweke kwenye kabati pamoja na vyengine. Watoto wa kwetu wameandika juu ya popo wa hifadhi ya Kidike hapa Pemba, juu ya mchezo wetu wa ng'ombe, ambao watu humchokoza fahali uwanjani, juu ya hadithi za bibi zao, juu ya baba anayerudi alfajiri kutoka baharini. Vijitabu hivi vinaazimwa sana, na huchakaa haraka kwa kushikwa, ndiyo maana navifunika kwa nailoni kabla ya kuvitoa. Si kila mtoto atakirudisha, na usimfuatilie. Mwengine hukiweka nyumbani, nayo ni sawa.

Ukitaka kitu cha thamani zaidi kwa wale wa darasa la sita wanaokuondokea, zungumza na fundi cherehani akuwekee vipande vya kanga na vitenge vinavyobaki. Kifuko kimoja cha kutosha kitabu na daftari ni mshono wa dakika chache, na kinamsaidia mtoto anayebeba vitabu njiani, hasa kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kama kuna mwalimu wa kike au mzee mwenye cherehani, huenda ukagharimia uzi tu. Kwa skuli nzima hutoweza, usijaribu.

Kama fedha inatoka mara moja tu kwa mwaka, nunua muhuri na kisahani cha wino mwanzo kabisa, halafu manila, halafu nailoni ya kufunikia. Ukili na vijitabu vitakuja vyenyewe ukishazoeana na watu wa hapo. Na kwa hao wa Ramadhani usijisumbue sana: mwezi ule unarudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mtoto wa madarasa ya chini ambaye tarehe yake imeangukia humo sasa, kabla hajafika darasa la sita atakuwa ameshapata zamu yake pamoja na wenziwe wa mwezi ule.