Dada wa Watamu, usitie sahihi karatasi ya hoteli

Usitie sahihi. Umetuandikia hapa kwamba unataka kuacha ualimu uishi kwa kuandika, kuhariri na kupiga picha. Mengine uliyouliza yatangoja: kamera gani ununue kwanza, kama uache kufundisha sasa au muhula ukiisha, kama uhariri wa Kiswahili una wateja. Wenzangu waliokujibu hapo juu wamekupongeza kwa kupata dili, na ninaelewa, kupata mteja wa kwanza mkubwa si jambo dogo. Lakini mwishoni umetaja kwa kupitia tu kwamba hoteli ya Watamu, pwani ya Kenya, inataka uwaandikie tovuti, uwaharirie brosha na menyu, uwapigie picha wiki nzima, yote kwa bei moja ya jumla, na karatasi yao inasema "kazi yote na faili zote ni mali ya hoteli". Niliposoma hapo niliacha chai nikaja kuandika.

Hoteli yangu ilikuwa Lamu. Mimi sikupewa hata karatasi. Tulikubaliana kwa simu, halafu ukaja ujumbe wa WhatsApp wenye bei na tarehe. Niliamini kabisa kwamba kama hakuna mkataba, basi picha ni za aliyezipiga. Kamera yangu, jicho langu, jua limenichoma mimi. Nani mwingine atazidai?

Kazi yenyewe ilikuwa vyumba, baraza, chakula, ufuo, na maneno ya tovuti. Saa ambazo hawakunihitaji nilikuwa nikienda Matondoni, kile kijiji cha mafundi wa majahazi, kwa sababu nilikuwa na makala yangu mwenyewe niliyotaka kuiandika kwa muda mrefu. Nilikaa na fundi mmoja mzee akiniruhusu kupiga picha mataruma, zile mbavu za jahazi, yanavyopanda juu ya mkuku, ule mti wa uti wake wa chini, na mikono yake akikalafati, anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao na mbao. Alikubali kwa sababu moja na aliisema wazi: "Andika mwanangu, watu waijue kazi hii." Zile ndizo picha bora nilizowahi kupiga. Hazikuwa za hoteli. Hoteli haikujua hata kama nakwenda huko.

Siku ya mwisho meneja akasema niwawekee "kila kitu" kwenye diski. Nikawawekea kila kitu. Faili ghafi (picha kama zilivyotoka kwenye kamera), picha zilizosafishwa, vyumba, samaki wa kupaka, na folda nzima ya Matondoni.

Sasa nikwambie kwa nini, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nilikuwa nimetoka kulipa ada ya warsha moja Mombasa, na mkufunzi alitukaririsha kama watoto wa chuoni: mpe mteja zaidi ya alichoomba, jina lako litatembea lenyewe. Baadaye nilikuja kuiona ankara ya huyo bwana kwa mteja wake mwenyewe. Ilikuwa na masharti ya matumizi ukurasa mzima, na faili ghafi hatoi kwa bei yoyote ile. Alijua! Alitufundisha sisi kugawa anachokifungia yeye kabatini, na akatutoza ada kwa somo hilo. Wako wengi wa namna hiyo, na nadhani mmoja ndiye aliyekwambia kwamba "mwanzoni usibishane kuhusu haki". Mwambie akuonyeshe mkataba wake.

Jina langu halikutembea. Picha ndizo zilizotembea, bila jina. Msimu uliofuata uso wa yule mzee ulikuwa kwenye tangazo la wakala wa safari aliyepewa picha na hoteli, na maneno ya likizo ya ufukweni yamepita juu ya paji la uso wake. Wakati huohuo jarida moja la ng'ambo lilikuwa limeikubali makala yangu. Mhariri akaniomba nithibitishe kwa maandishi kwamba picha ni zangu peke yangu na hazijatumika kwenye biashara. Sikuweza kutia sahihi hiyo. Wakaziacha picha, na bila picha wakaiacha makala. Ile kazi ingenifungulia mlango wa wahariri wengine, na malipo yake yalikuwa makubwa kuliko yote niliyolipwa na hoteli.

Nikaenda kwa wakili na ndipo nikasomewa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001. Isome kabla ya kulala. Inaanza vizuri: hakimiliki ni ya mtunzi. Kisha inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Umeona hapo? Ukikaa kimya, sheria inazungumza kwa niaba ya mteja. Kwa hiyo wanaokwambia "usiende na karatasi, utamtisha mteja" wanakuvua nguo. Na usichukue ushauri wa nchi nyingine kwenye video za mtandaoni ukadhani ndio wa hapa. Uingereza, mpiga picha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya ni kinyume.

Nikamwambia wakili, sawa, vyumba ni vyao, lakini Matondoni hakuna aliyeniagiza. Akakubali. Akauliza nitathibitishaje. Diski moja, tarehe zilezile, na hoteli inadai kwamba kwenye simu waliomba "maisha ya kisiwani". Tungeweza kupigana, ila gharama ingezidi nilichopoteza. Kilichobaki ni haki ya kutajwa kuwa mtunzi, ambayo kifungu cha 32 cha sheria hiyohiyo kinasema haihamishiki ukiwa hai. Tuliandika barua, wakaweka jina langu kwenye tovuti. Tangazo lilikwisha kusambaa.

Nikarudi Matondoni kumweleza mzee. Mjukuu wake alikuwa ameshamwonyesha lile tangazo kwenye simu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nani amelipwa kwa uso wake, na sikuwa na jibu ninaloweza kumpa mtu mzima aliyenikaribisha kwake. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kutumia taarifa za mtu, hata picha ya uso wake, kibiashara bila ridhaa yake ya wazi ni kosa. Wewe utakuwa unapiga wavuvi wa Watamu, wapishi, watoto wa watu. Ridhaa ya makala si ridhaa ya tangazo. Waandikie fomu mbili tofauti, wasomee kwa Kiswahili, wachague.

Kwa hiyo sharti langu ni hili na silegezi: kazi haianzi kabla ya maandishi yanayosema hakimiliki inabaki kwako, na mteja anapewa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia. Leseni itaje matumizi (tovuti, mitandao ya kijamii, brosha), muda (mimi huandika miaka 2), na kwamba hawezi kumpa mtu wa tatu bila kukuuliza. Wakitaka haki zote, zinauzwa, lakini zina bei yake, na bei hiyo haifanani na ya siku ya kazi.

Ivunje ile bei ya jumla iwe mistari mitatu. Uhariri wa brosha na menyu unalipwa mara moja na umekwisha, kwa hiyo toza kwa ukurasa au kwa saa, ulipwe vizuri, sahau. Maandishi na picha ndivyo vinavyoweza kukulipa tena: makala kwa jarida, picha moja kwa kalenda, nyingine kwenye hifadhi za kuuzia picha kama Alamy. Unasema unataka maisha ya kuandika, kuhariri na kupiga picha kwa pamoja. Yanajengwa na hicho kinachobaki mkononi baada ya mteja kuondoka. Ukitoa vyote kwa bei moja, umekuwa kibarua wa kazi tatu kwa ujira wa mmoja.

Picha zako binafsi ziwe kwenye kadi ya peke yake, folda ya peke yake, na zisiguse diski ya mteja. Andika jina lako ndani ya taarifa za faili kabla ya kutuma kokote, na ukituma kwa WhatsApp tuma kama hati, maana ukituma kama picha inabanwa na jina linafutika. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ina usajili mtandaoni. Haki yako haitegemei kusajili, lakini cheti chenye tarehe ndicho nilichokikosa mbele ya wakili.

Chukua arbuni, nusu ya malipo kabla ya kazi. Wakikataa kumalizia, mkataba wako unatosha kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja. Kwa ujumbe wa WhatsApp wenye bei na tarehe tu utahangaika.

Kesho asubuhi wajibu hivi, nakili ujumbe huu kama ulivyo: "Asanteni kwa nafasi hii. Nimetenganisha bei ya maandishi, uhariri na picha. Hakimiliki ya maandishi na picha inabaki kwangu. Hoteli itapata leseni ya kuzitumia kwenye tovuti, mitandao na brosha zake kwa miaka 2, na nitakabidhi picha zilizochaguliwa, si faili ghafi. Mkihitaji matumizi zaidi, nitawatumia bei." Wakisema hapana, waulize wanazitaka faili ghafi kwa kazi gani, na majibu yao uyalete hapa tuyasome pamoja kabla hujasafiri.